Spika ya Nyuma Kushoto

Woga wangu wa kwanza ulikuwa wa mke mwenza. Nautaja mbele kwa sababu ndio ulionikondesha mwaka ule, ingawa nikiutazama leo naona ulikuwa mchezo wa watoto. Wakati ule sikuujua woga mwingine, nikawa nalala nao na kuamka nao.

Mume wangu ni Nyange, fundi wa Chokocho. Alianza na redio za betri, akaingia kwenye televisheni, na umeme wa Tanga ulipoletwa kisiwani kwetu kwa waya uliopita chini ya bahari, watu wakaacha kugombana na majenereta, akahamia kwenye zile mashine wanazoziita hom thieta: resiva moja nyeusi nzito, spika tano na sabufa, lile boksi la ngurumo nzito. Mashine hizi huja kwenye makontena kutoka Maskati na Dubai. Mtoto au kaka kaituma, na boksi hufunguliwa katika nyumba ambayo mwanamume wake hayupo. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Fundi hawezi kukaa ukumbini kutwa nzima na mke wa mtu, ati anachomeka waya. Hata awe mcha Mungu namna gani, watu watasema. Basi Nyange alikuwa akienda kazini na mimi. Yeye hupanda ngazi na kutoboa ukuta, mimi hukaa na mwenye nyumba, na kazi ikifika mwisho huhamia kwenye kiti cha katikati.

Kiti hicho ndicho atakachokaa mwenyewe akitazama televisheni, na sauti zote hupangwa kumfuata aliyekaa hapo. Nyange akibonyeza rimoti, mimi nikisema nasikia wapi: mbele, kulia, mgongoni. Kwa kukaa hivyo nyumba baada ya nyumba nikayajua mambo ambayo wenye mashine hawakuyajua, maana wengi wakiona vitufe vingi huogopa kuvigusa, au huvigusa vyote. Nyange alikuwa akiwaeleza kwa uvumilivu ambao mimi nyumbani sikuupata. Stirio, akisema, ni spika mbili za mbele tu, nayo yatosha kwa Kurani na kwa taarabu, kwa sababu msomaji ni mmoja na hana haja ya kukuzunguka. Mtindo wa sinema huyachukua maneno ukayaweka katikati, chini ya televisheni, na mvua na magari na nyayo ukazipeleka pembeni na nyuma. Mtindo wa ukumbi huongeza mwangwi. Mtilie msomaji wa Kurani, utadhani katumbukia kisimani. Halafu kuna ule wa spika zote, unaotoa sauti ile ile kila pembe. Huu Nyange alikuwa akiudharau. Ni wa harusi, akisema, nyumba imejaa na walioko uani wanataka kusikia kama walioko mbele. Kumwekea mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti chake ni kumtilia maji mchuzi.

Mwaka huo, masika yalipokwisha, aliumwa homa kali. Alipopona akawa mtu mwingine. Mimi hulala upande wake wa kushoto, ukutani, na mazungumzo yetu yote ya maana tangu tuoane tumeyazungumza tukiwa tumelala. Sasa nikawa nasema, naye katazama dari. Nasema tena, kimya. Nikimgusa hushtuka kama mtu aliyeamshwa na kuuliza, "Wasemaje?" Mtu aliyekuwa akinijibu kabla sijamaliza.

Njiani nako mambo yalikuwa hayo hayo. Kutoa salamu ni suna lakini kuijibu ni wajibu, hilo kila mtoto wa chuoni analijua, na Nyange alianza kupita salamu za watu kama hazikumfikia. Jirani yetu Mzee Kificho alikuja mpaka mlangoni kwangu, amekasirika, akaniuliza mumeo kanionani. Nikamwambia ana mawazo. Mzee akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitia hofu kuliko hasira zake, kwa sababu niliona na yeye anafikiri ninachofikiri.

Kisha Nyange akaacha kwenda nami kazini. "Weye pumzika," akisema. "Huko yupo mama mtu mzima, hapana neno." Huko kwenyewe kulikuwa Chake Chake, kwa Bi Kazija, mwanamke aliyeachwa na mumewe, mzuri wa sura, mwenye nyumba yake mwenyewe na kaka Maskati anayemletea kila kitu. Nyange alimfungia mashine. Siku chache baadaye akaitwa tena. Akenda, akarudi, akaitwa tena. Nikajiuliza ni mashine gani hiyo isiyopona. Nikamwona mume wangu akipiga pasi shati kwa ajili ya kwenda kuinama chini ya meza ya televisheni.

Sikumuuliza. Niliogopa kuuliza kwa sababu niliogopa asije akasema ndiyo. Nikawa naswali na kumwombea Bi Kazija apate mume mwema, tajiri, yeyote, mradi si wangu. Nikawa nanusa mashati. Binti yetu Duni, ambaye ameolewa Mkoani, alinipigia simu akasikia sauti yangu, akasema, "Mama, unaumwa." Nikamwambia ni mafua.

Siku moja simu ya Nyange ililia naye yuko msikitini. Jina lilikuwa la Bi Kazija. Nikapokea, na ulimi wangu wote ulikuwa shubiri.

"Mwambie fundi sauti bado haizunguki," akasema.

"Keshakuja kwako mara zote hizo, na haikuzunguka tu?"

"Haikuzunguka, bibi. Njoo nawe, tafadhali. Kila siku namwambia aje nawe, naye hasemi kitu."

Nilikaa chini na simu mkononi. Mwanamke anayemtaka mume wa mtu hamwiti mkewe, hilo niliweza kulifikiri. Lakini woga ukishaingia hauna hesabu: nikajiambia labda wameshaoana, naitwa nikaambiwe. Nyange aliporudi nikamwambia kesho tunakwenda wote, na sikumpa nafasi ya kukataa. Alibadilika rangi. Nikaona, nikasema moyoni, haya basi, kumbe ni kweli.

Tulifika kwa Bi Kazija baada ya adhuhuri. Mama yake mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti cha kamba kando ya mlango. Bi Kazija mwenyewe nilimkagua kuanzia ukucha hadi ushungi na sikumwona akimtazama Nyange hata mara moja. Alikuwa akiitazama mashine, tena kwa uchovu.

"Kwa dada yangu Wete," aliniambia, "mvua yapita juu ya kichwa, gari lapita kulia lenda kushoto. Yangu yasema yote pamoja kama ya harusini. Nlipobadilisha nikaweka sinema, mambo yakawa mchafukoge. Mtu yuko kushoto kwenye televisheni, nyayo zake ziko kulia. Fundi akaja akazipangua waya tena, akarudisha hii ya harusini, nami sijaigusa."

Nilitazama kioo kidogo cha resiva. Iliwekwa spika zote. Nyange, aliyesema ule ni kutia maji mchuzi, ndiye aliyeuweka, katika nyumba ya mwanamke anayekaa na mama yake tu. Hilo lilinishangaza, na katikati ya wivu wangu nikaanza kupata woga mwingine nisioujua jina.

"Ntaipima," akasema Nyange, akakaa yeye mwenyewe kiti cha katikati.

Kila resiva ina sauti ya kupimia. Hutoka spika moja, ikakaa kidogo, ikahamia nyingine, mpaka zote zimezungukwa, na muda wake ni ule ule kila spika. Ni sauti ya shhh, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Ikaanza mbele kushoto. Ikaja katikati. Ikaenda mbele kulia, ikaruka nyuma kulia, kisha ikaja nyuma kushoto, kwenye spika iliyoning'inia karibu kabisa na bega la Nyange. Ilikuwa inapepeta pale pale sikioni mwake.

Nyange akanyoosha kidole, akaonyesha kulia.

"Si mnaona," akasema. "Waya zimepishana. Ya kushoto yalia kulia."

Nikadhani anatania. Akainuka, akachukua koleo, akaenda nyuma ya resiva akachomoa waya na kuzibadilisha. Nyaya zile zilikuwa sawa. Nilimwona akizifanya mbovu kwa mikono yake mwenyewe, kwa makini, na jasho linamchuruzika shingoni katika ukumbi wenye feni. Akarudi kukaa. Sauti ikazunguka upya, na sasa kila ilipotoka, hata mbele ya macho yake, kidole chake kilitafuta kulia, kikasita, naye akatazama spika kwanza kabla ya kuamua. Alikuwa anakisia.

Bi Kazija akanitazama, nami nikamtazama. Kimya cha kitandani, salamu zilizopotea, mtindo wa spika zote ambao hauna kulia wala kushoto na hivyo haumuumbui mtu, vyote vikaja kwangu kwa mpigo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na dunia nzima ilikuwa imehamia upande wake wa kulia.

Nyange alinigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba, sijapata kuona macho hayo kwake kabla wala baadaye. Nikasema, "Waya ndiyo, zimelegea. Ondoka hapo nikae mimi."

Nikakaa kiti changu. Nikamwambia arudishe nyaya kama zilivyokuwa, na akarudisha bila kubisha, na ile kutobisha ikanitisha zaidi. Yeye akabonyeza, mimi nikaonyesha. Tukaweka mtindo wa sinema. Bi Kazija akatafuta filamu yenye mvua, nayo ikanyesha juu ya vichwa vyetu na kuishia uani, mpaka mama yake akaamka akauliza nguo zimeanuliwa. Tulicheka. Mimi nilicheka huku namtazama Nyange.

Tulipokuwa tukitoka Bi Kazija alinishika mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na Nyange yuko hatua moja tu, sisi upande wake wa kushoto, "Mpeleke hospitali, dada. Nlijua tangu alipokuja mara ya pili. Miye si mtu wa kumwambia mwanamume hilo." Nyange hakugeuka. Nilimwombea Bi Kazija mume tena, safari hii kwa nia safi.

Barabarani pikipiki ilikuja kutoka kushoto, honi inalia, na Nyange akageuka kulia kuitafuta na kuingia njiani. Nilimvuta kwa shati mpaka vifungo vikakatika. Mwendesha pikipiki akatutukana, akapita. Nyange alibaki anatazama upande ambao haukuwa na kitu.

"Ilitokea wapi?" akauliza.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia mbele za watu. Alikuja akasimama, sasa kwa ujanja wa mtu aliyekwisha zoea, akihakikisha mimi niko kulia kwake.

"Tangu ile homa," akasema. "Nliamka kuna filimbi, halafu filimbi ikazima na sikio nalo. Nani atampa kazi ya sauti fundi kiziwi, Mwanawema? Nambie."

"Miye nlidhani waoa."

Alinitazama asielewe. Nilipomwambia nani, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hicho kifo nilikuwa nimekiona kikipita na magurudumu mawili. Wallahi dakika ile ningempokea mke mwenza na kumtandikia kitanda. Mke mwenza huja na mdomo, mtagombana, mtazoeana. Hiki kilichotuingia hakikuwa na mlango wa kukitolea.

Daktari wa masikio wa Chake Chake alimpima kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mpole, na upole wa daktari siku zote hunipa wasiwasi. Alisema mshipa wa sikio la kushoto umekufa, haurudi. La kulia nalo si zima; pengine ni homa, pengine ni miaka yote ile Nyange aliyosimama kando ya spika za harusini, hawezi kuapa. Linaweza kukaa hivyo mpaka uzee. Linaweza pia kufuata mwenziwe, na likianza kufuata msisubiri, mje upesi, kuna dawa za kujaribu mwanzoni na kuna vifaa vya kuvaa. "Mama, utamwangalia," aliniambia, kana kwamba ni sufuria jikoni.

Basi nikaangalia. Nyumbani tulikuwa na resiva kongwe aliyoiunda Nyange kutoka mashine zilizokufa, na spika zisizofanana hata mbili. Kila Ijumaa akirudi kuswali mimi humkalisha kiti cha katikati, mgongo kwangu, nami nikasimama nyuma yake na rimoti. Sauti ya kupimia ikizunguka, yeye huinua kidole kila anaposikia inaanza. Kulia au kushoto hatukujali tena, tulitaka kujua tu kama inafika. Kila wiki naipunguza. Kila Ijumaa kidole kikapanda, kikashuka, spika zote tano, bila kukosa. Hugeuka akacheka na kusema, "Fundi mzima huyu." Nami hupumua mpaka wiki nyingine.

Kazi zikaendelea. Nilirudi kwenye kiti changu, na watu wakazoea kuona mke anasikiliza na mume anafunga. Mzee Kificho aliambiwa, akaja kuomba radhi, akawa anamtolea Nyange salamu kwa kumzunguka kwanza. Ungetuona ungesema wametulia. Mimi sikutulia. Niliposikia birika linachemka nilimtazama yeye kama amelisikia. Mvua ikianza kwenye bati nilimtazama yeye. Na siku moja, siku ya Alhamisi, nilisimama kulia kwake, upande ule ule mzuri, nikamwambia chakula tayari, naye akaendelea kuyeyusha risasi ya kulehemu kwenye waya wake. Nikasema tena. Nikarudi jikoni, nikakaa na mwiko mkononi, nikajiambia ameshughulika tu.

Kesho yake alikaa kitini kama kawaida. Nikaanzisha sauti, kidole kikapanda. Mbele kushoto, katikati. Mimi nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha.

Chumba kikawa kimya, nikawasikia kuku uani. Kidole cha Nyange kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, pale pale ambapo spika ya nyuma kulia ingelia, kikashuka, kikapanda kwa ya nyuma kushoto. Alikuwa anahesabu. Muda ni ule ule kila spika, na fundi gani asiyeujua.

Alingojea kidogo, kisha akageuka akicheka. Akaona uso wangu. Kicheko kikamtoka.

Nilizunguka nikasimama mbele yake, pale anapouona mdomo wangu. "Nlizima," nikasema.

Aliitazama rimoti mkononi mwangu. "Sauti nyembamba zote zimekwenda," akasema. "Mwezi sasa. Nzito nazipata. Weye nakupata ukiwa karibu, ukisema kwa nguvu. Nlikuwa sitaki uogope."

"Naogopa."

"Na miye," akasema. Katika maisha yetu yote hakuwahi kuniambia hilo. Nikakaa sakafuni, mbele ya kiti chake.

Nilitaka twende Chake saa ile ile. Akasema leo Ijumaa, daktari hayupo, kesho asubuhi na mapema tutakuwa mlangoni kwake. Halafu akainuka. Akaipindua ile resiva kongwe mgongo juu, akaiweka kati yetu, akalivuta sanduku la bisibisi, na akaanza kunieleza upande ambao sikuwahi kuujua mimi wa kitini: waya gani ni chanya, ukipishanisha sauti hukondaje, unaiambiaje mashine umbali wa kila spika na kiti, kwa nini sabufa haina kulia wala kushoto. Alikuwa akisema mbio, mtu aliyezoea kueleza polepole.

"Taratibu, Nyange. Siyashiki haya."

"Taratibu siwezi," akasema. "Uliza lolote usilolijua, uliza sasa, maadam bado nakusikia."

Nikajisogeza upande wake wa kulia, nikapaza sauti, nikauliza.